Kuhamisha mikanda ya VHS kwenda DVD Kariakoo: nimepita kwa mafundi wawili, mmoja nampa nyota tano zote

Tulikuwa na kaseti 7 za video za VHS kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama, Ngamiani Tanga. Harusi ya dada 1997, maulidi, mdogo wangu anaanza kutembea, na mkanda mmoja ambao mjomba alituma kutoka Kanada na hatujawahi kuuona hata siku moja. Kwa waliozaliwa juzi, sisi huku Bara stesheni za tivii zimeanza 1994 lakini deki za kuchezea mikanda zilikuwa zinaingia majumbani kabla ya hapo, baba aliletewa yake kutoka Dubai, kwahiyo kwetu tivii ilikuwa ni mkanda kwanza. Deki ile ilishakufa zamani na mpya huzipati tena, Funai ya Japani ndo ilikuwa ya mwisho kutengeneza na waliacha 2016.

Fundi wa kwanza simtaji. Nilimpelekea mkanda mmoja tu wa kujaribia, wa harusi, 10,000. Picha ikatoka imevutwa ijae tivii pana, yani watu wote wamenenepa, dada yangu aliyekuwa mwembamba kama ufito anaonekana mtu mwingine kabisa. Mikanda ya zamani picha yake ni karibu mraba, inatakiwa iachwe vile vile na weusi ubaki pembeni, hakuna ubaya wowote. Halafu kajaza na namba yake ya simu chini ya picha mwanzo mpaka mwisho. Hayo yote ningevumilia jamani. Kilichoniuma ni kwamba alitoa sauti ya mkanda akapachika muziki, eti inapendeza zaidi. Pale ambapo baba kamshika mkono bwana harusi anamuozesha dada, midomo inacheza na wewe unasikia kinanda! Baba alifariki 2003, mwanangu hajawahi kusikia sauti ya babu yake, na mi nilikuwa natafuta ile sauti kuliko picha. Nashukuru tu kwamba mkanda wenyewe alinirudishia mzima.

Wa pili nilielekezwa na mpiga video wa siku nyingi, yuko ghorofani humo humo Kariakoo, mzee mtu mzima, chumba kidogo kimejaa deki mpaka juu. Anachukua 20,000 kwa kaseti, na ukisikia hiyo bei utaona kubwa, ila ngoja nieleze anachofanya.

Kwanza hakuweka kaseti yoyote kwenye deki. Alishika moja moja akamulika tochi kwenye kile kidirisha, mbili akaziweka pembeni kwa sababu pembeni ya mkanda kulikuwa na weupe kama unga. Ule ni ukungu, Tanga na unyevu wa bahari unajua tena, na ukiucheza hivyo hivyo unachafua hedi za deki, zile zinazosoma mkanda, na unahamia kwenye kaseti inayofuata, mkanda wenyewe unaweza kukatika. Alifungua zile skrubu tano za chini akautoa mkanda, akausafisha taratibu kwa mkono, akauhamishia kwenye gamba la kaseti nyingine safi. Hiyo kazi peke yake ilimchukua siku mbili na hakuniongezea hata mia. Pia alivunja kile kijino cha plastiki mgongoni kwa zile ambazo zilikuwa nacho bado, ukikivunja deki haiwezi kurekodi juu yake kwa bahati mbaya. Hili fanyeni hata leo nyumbani kabla kaseti haijatoka kwenda popote.

Muda aliniambia wiki mbili. Mkanda hauna njia ya mkato, kaseti ya E-180 ni masaa 3 basi deki inaicheza masaa 3 yote ndo kompyuta inarekodi, sio kama kukopi flashi. Kwahiyo mtu mwenye deki moja akikwambia leta kaseti kumi uchukue jioni, ondoka tu.

Kuhusu DVD zenyewe, diski ya kawaida ni GB 4.7, masaa mawili hivi yanakaa vizuri, ukilazimisha masaa sita humo picha inakuwa maboksi maboksi hasa watu wakicheza. Huyu mzee mkanda wa masaa 3 aligawa diski mbili. Na hapa ndo nawasihi wadau, msiishie kwenye DVD. Diski za kubani nazo zinachoka, jua na mikwaruzo vinaimaliza, na laptopu za sa hivi nyingi hazina hata pa kuiingizia. Mama ana deki yake ya DVD amezoea rimoti, yeye nimempa diski, ila nilinunua hadi diski ndogo ya eksteno nikamwambia fundi anisevie mafaili yenyewe humo, bila kupunguza, bila muziki, bila jina la duka. Nyingine kopi iko kwa dada Muscat. Na msimkubali anayetaka kuwauzia HD, yani picha kali zaidi, VHS haina huo ubora ndani yake, akiikuza anakuza picha hafifu ile ile tu.

Lawama kwa huyu mzee ni moja, hapokei simu. Nilipanda zile ngazi mara tatu bure.

Sasa ule mkanda wa Kanada. Kule mfumo wao wa picha ulikuwa NTSC na wetu PAL, ndo maana kwenye deki yetu picha ilikuwa inapanda inashuka haieleweki, tukaamini umeharibika njiani. Mzee ana deki ya mifumo yote, akaweka, ikatoka safi na rangi zake. Ni mjomba kijana kabisa, theluji dirishani, anaonyesha jiko, anaonyesha koti lake, anamsalimia bibi, anamsalimia baba, anataja watoto wote kwa majina, halafu anamwambia bibi, mama na nyinyi mnirekodie mnitumie niwaone. Bibi alifariki 2001 bila kuuona. Mama aliniambia rudisha hapo, nikarudisha, akaniambia tena rudisha. Usiku ule ule tukampigia mjomba, hakuwa anajua kwamba hatukuwahi kumuona, alidhani tulipuuza. Jumapili hii tunakusanyika Ngamiani wote kumrekodia jibu.