QField na fomula zake: msimu mmoja kwenye mikorosho ya Masasi

Msimu uliopita nilipewa kazi ya kupima mashamba ya mikorosho ya wanachama wa AMCOS moja (chama cha ushirika cha wakulima) wilayani Masasi. Unazunguka mpaka na mwenye shamba, unahesabu miti, unajaza fomu, unahamia kwa jirani. Msimu wa kabla yake tulitumia karatasi, na kila jioni ilikuwa vita: kijiji kimoja, Lukuledi, kimeandikwa kwa tahajia tatu na watu watatu. Safari hii nikaweka QField kwenye simu za vijana wanne. Kwa wenzangu wa kazi hizi nina neno moja: msiishie kuchora mipaka, jifunzeni kuandika fomula.

QField ni programu ya bure ya OPENGIS.ch ya Uswisi. Inafanya kazi bila intaneti, na inasoma mradi uliouandaa kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta. Kila sehemu ya fomu unaweza kuipa fomula ijijaze yenyewe. Kama umewahi kuandika IF kwenye Excel, hutapotea.

Tatizo la jina la kijiji tulilimaliza hivi: tabaka la ramani lenye mipaka ya vijiji ndani ya mradi, kisha overlay_intersects('vijiji', "jina")[0]. Ukifunga mchoro wa shamba, jina limeshakaa. Hiyo [0] usiisahau, kwa sababu jibu linakuja kama orodha. Shamba likiwa mpakani inachukua kijiji cha kwanza tu, kwa hiyo hayo tuliyasahihisha kwa mkono baada ya kumuuliza mwenyekiti.

Ekari zilinitoa jasho. Siku ya kwanza kila shamba lilisoma 0.00. Nilikuwa nimeandika area($geometry) gawanya kwa 4046.86 (mita za mraba za ekari moja), na tabaka langu lilikuwa kwenye EPSG:4326, yaani vipimo vyake ni digrii. Fomula ilikuwa inagawanya vipande vya digrii, si mita za mraba. Nikabadilisha kuwa round($area / 4046.86, 2), nikahakikisha mradi unapima eneo kwa mita za mraba, mambo yakakaa sawa.

Kesho yake nilizunguka shamba na babu mmoja mwenye mikorosho aliyopanda baba yake. Tuliporudi pale tulipoanzia, kwenye mwembe, akauliza, "Haya mwanangu, ekari ngapi?" Nikamgeuzia simu: 2.25. Akaitazama kwa muda mrefu. Miaka yote alikuwa akiambiwa tatu. Tukazunguka tena, polepole, yeye mbele akinionyesha kila kona, na namba ikarudi karibu ileile. Zamani jibu hilo angelipata baada ya wiki, kwenye karatasi, mimi sipo. Safari hii alilipata akiwa amesimama shambani kwake, na swali lake akaliuliza palepale.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye tarehe. Kwenye QGIS, chini ya fomula ya kujijaza, kuna kiboksi kinachosema fomula ifanye kazi upya kila rekodi inapohaririwa. Nilikitia tiki kwenye tarehe ya kupima. Tulipokaa ofisini kusahihisha majina ya wakulima, kila rekodi tuliyoigusa ilivaa tarehe ya siku hiyo. Mashamba zaidi ya 60 yakapoteza tarehe zake, tukazitafuta upya kwenye picha. Tarehe ya kupima na uuid(), yaani namba ya kipekee ya kila rekodi, havitiwi tiki kamwe. Tiki ni ya ekari, kwa sababu mpaka ukirekebishwa nazo lazima zibadilike, na ya sehemu ya pekee ya tarehe ya kuhariri.

Fomula niipendayo kuliko zote haijazi kitu, inakagua. Mikorosho ikipandwa mita 12 kwa 12, ekari inabeba miti 28 hivi. Niliweka sharti kwamba miti kwa ekari ikizidi 40, fomu itoe onyo. Usilifanye sharti gumu la kuzuia kuhifadhi, maana mashamba ya wazee yamebanana kwelikweli. Onyo linatosha kumfanya kijana ahesabu tena kabla hajaondoka, na mara mbili lilikamata 210 iliyopaswa kuwa 21.

Kuna pia @position_horizontal_accuracy, ambayo inaandika simu ilikuwa na usahihi wa mita ngapi wakati huo. Iwekeni kwenye kila fomu. Chini ya mikorosho iliyofunga matawi, simu zetu zilikuwa zinacheza kati ya mita 6 na 12, na kwa shamba la robo ekari hilo si kosa dogo. Mashamba yote ya chini ya nusu ekari nimeyatenga, na tutayarudia kwa kipokezi cha GPS cha nje kinachounganishwa na simu kwa Bluetooth kabla orodha haijasomwa kwenye mkutano wa wanachama.