Leaf yangu kutoka Malindi hadi Mokowe: uzoefu wangu

Gari ni Nissan Leaf, gari la umeme lenye betri ya yuniti (kWh) 40, mtumba wa Japani. Betri imechoka kiasi, nakadiria zimebaki yuniti 31. Kwa mizunguko ya Malindi sina la kulalamikia: Watamu, Gede, hata Kilifi na kurudi, usiku nachomeka nyumbani, asubuhi limejaa. Lakini kila anayeliona huniuliza, "Lamu linafika?"

Linafika, mradi uwe na mwenyeji Garsen, katikati ya njia.

Malindi hadi jeti ya Mokowe, unapoacha gari na kupanda boti ya Lamu, ni kama kilomita 220. Kwa mwendo wa 80 langu linakula yuniti 16 hivi kila kilomita mia, kwa hiyo nahitaji 35 nami nina 31. Chaja ya kasi sikuiona njia nzima. Hata uikute, tazama mdomo wake kwanza: Leaf kama yangu inachajiwa haraka kwa plagi ya CHAdeMO, na magari mengi mapya yanatumia plagi nyingine, CCS. Niliwahi kwenda Mombasa kwa ajili ya chaja moja ya hoteli, nikafika nikabaki nimeshika waya usioingia, askari wa getini ananitazama kwa huruma.

Basi mwezi wa nane nikaondoka saa kumi na moja alfajiri, maana Garsen kwenda Mokowe mimi siendi usiku. Saa moja unusu niko Garsen, betri asilimia 42. Gesti niliyoizoea ina soketi moja nyuma ya jikoni. Mama mwenye gesti akautazama waya wangu: "Mwanangu, hilo gari lako litanimalizia tokeni." Nikamnunulia za shilingi 500 kwa simu, akaniletea na chai.

Hapa nataka mnisikilize vizuri. Waya wangu unaweza kuvuta ampea 13, na soketi ya ukutani imeandikwa 13, ila hiyo ni kwa birika la dakika tano, si kwa saa nne mfululizo. Mara ya kwanza nilipoweka 13, baada ya nusu saa nikasikia harufu ya plastiki. Nikagusa plagi, ikaniunguza kidole. Tundu la chini limegeuka rangi ya kahawia kama mkate ulioungua. Sasa naweka ampea 10, situmii ekstensheni, na kila nusu saa naweka kiganja kwenye plagi. Ikiwa moto, nashusha hadi 8. Kwa 10 unapata yuniti mbili na kidogo kwa saa. Ni polepole, ndiyo, lakini saa sita mchana nilikuwa na asilimia 71.

Mokowe nikafika na asilimia 13. Gari nikaliacha bara likichajiwa kwa rafiki, mimi nikapanda boti kwenda kisiwani, siku mbili sikulifikiria.

Kurudi ndiko nilikojifunza. Kwenda nilikuwa na kusi mgongoni, nami nikadhani gari ndilo jema! Manahodha wetu wanalijua hilo tangu zamani. Kurudi upepo wa mbele, ulaji ukapanda hadi yuniti 18 na nusu kwa kilomita mia. Garsen stima ikapotea kabla sijamaliza, nikaondoka na asilimia 57 kwa kuona skrini inaniahidi kilomita za kutosha. Skrini ile inapiga hesabu kwa mwendo uliopita, haijui kilicho mbele. Fuata asilimia.

Nilizima AC, nikashuka hadi mwendo wa 50, malori yakanipita yakinipigia honi. Gongoni, Mambrui, jasho tu. Nikiwa juu ya daraja la Sabaki ikawaka ile taa ya kobe, gari likapunguziwa nguvu lenyewe. Bodaboda aliyebeba matenga mawili ya maembe akanipita, akageuka kuniangalia.

Nyumbani niliingia na asilimia 2. Nikachomeka kabla ya kushusha mizigo.