Seti ya maumbo ya plastiki ya kufundishia ujazo: nzuri, ila ipimeni kwa ndani

Seti hii nimeitumia darasani muhula mzima, na ninaipendekeza kwa walimu wenzangu kwa sharti moja nitakalolieleza. Ina tufe lenye kipenyo cha sentimita 10, mchemraba wa sentimita 10 kila upande, na mche mstatili wa sentimita 10 kwa 10 kwa 5. Maumbo yote yanaonesha ndani, na kila moja lina tundu na kizibo.

Thamani yake huonekana tufe linapowekwa kando ya mchemraba. Nilipowataka wanafunzi wakisie, wengi walisema tufe lingejaza robo tatu ya mchemraba, kwa kuwa jicho huona kimo na upana vilivyo sawa, likasahau zile pembe nane ambazo tufe halizifikii. Tulipomimina, maji yalipita nusu ya kimo kwa kiasi kidogo tu. Kanuni inasema hivyo hivyo: chukua kipeo cha tatu cha kipenyo, zidisha kwa pai, gawanya kwa 6, nawe utapata takriban asilimia 52 ya mchemraba wenye upande sawa na kipenyo hicho, iwe ni gololi au tangi la maji.

Kasoro niliigundua kwenye mche mstatili. Kwa vipimo vilivyochapwa kwenye boksi, tufe lina sentimita za ujazo 524 na mche una 500, kwa hiyo tukiujaza mche kwa maji ya tufe zingepaswa kusalia mililita 24. Zilisalia karibu 40. Wanafunzi wakaanza kuitilia shaka kanuni, jambo lililonisikitisha sana, kumbe mtengenezaji alipima kwa nje, na kuta zina unene wa milimita 2! Kwa ndani tufe lina 463 na mche una 424. Mchemraba haukuonesha tatizo kwa sababu umepungua kwa uwiano uleule wa tufe, ilhali mche, kwa ufupi wake, umepoteza sehemu kubwa zaidi ya kimo.

Sharti langu, basi, ni kwamba mwalimu apime ujazo wa ndani kwanza na kuuandika juu ya kila umbo. Ninasikitika pia kwamba silinda ya kipenyo na kimo kilekile haimo, maana tufe ni theluthi mbili zake kamili, na inasimuliwa kwamba Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alitaka maumbo hayo mawili yawekwe kwenye kaburi lake. Vizibo havivuji.