Meza ya mchonga chapa katika tamasha la filamu za kutisha, Cherry Hill

Anayefika Monster-Mania kwa mara ya kwanza anaweza kudhani kwamba tamasha zima ni foleni. Tangu mwaka 2003 limekuwa likiwakusanya mashabiki wa filamu za kutisha huko Cherry Hill, jimbo la New Jersey, ng'ambo ya mto Delaware ukitokea Philadelphia, na wengi wao huja kusubiri saini ya mwigizaji aliyewanyima usingizi utotoni. Mimi fedha zangu nilizitumia kwenye meza isiyokuwa na foleni, ya msanii wa kujitegemea anayechonga picha kwenye kipande cha lino (kitu laini kama zulia la plastiki la sakafuni), akakipaka wino kwa rola na kukigandamiza kwenye karatasi, nakala moja baada ya nyingine.

Majirani zake walikuwa wametundika nyuso za wauaji mashuhuri wa filamu, na hakimiliki za nyuso hizo zina wenyewe. Yeye alichagua kwa busara zaidi. Kazi yake kubwa inatokana na Night of the Living Dead, filamu ya George Romero ya mwaka 1968, ambayo ilikuwa mali ya umma tangu siku ilipotoka, kwa sababu msambazaji alipobadilisha jina la filamu, lile tamko la hakimiliki lililokuwa pamoja na jina la awali liliondoka nalo, na sheria ya Marekani ya wakati huo haikumlinda aliyeliacha. Wala hakuchora uso wa mwigizaji yeyote. Amechora makaburi ya mwanzo wa filamu, na kwa mbali, mdogo kama punje ya mchele, mtu anayetembea kwa kuyumba.

Nilimwomba nishike nakala ya mfano. Wino mweusi umekaa mzito kiasi kwamba kidole kinahisi ukingo wake, na mawe ya makaburi hayakupakwa kitu: ni weupe wa karatasi yenyewe, ulioachwa pale patasi ilipopita. Kwenye jiwe moja herufi N imegeuka. Maandishi ya chapa sharti yachongwe kinyume ili yatoke sawa, naye alikiri bila kuona haya kwamba herufi hiyo ilimponyoka, na kuchonga upya kungemgharimu wiki nyingine. Nilimpenda zaidi kwa jibu hilo. Nakala yangu, ya 23 kati ya 60, yenye saini ya penseli, niliilipia dola 40, bei ambayo kwa kazi ya mkono naiona ya haki, hasa nikikumbuka kwamba msanii hulipia meza yake kabla hajauza hata karatasi moja.

Picha zake za rangi mbili hazinishawishi. Ile ya popo mwekundu ina rangi ya pili iliyosogea pembeni, kana kwamba karatasi ilicheza wakati wa kugandamizwa, na popo anaonekana ana mabawa manne. (Nilimsimulia habari za Popobawa na hofu iliyoikumba Zanzibar mwaka 1995, alisikiliza kwa makini, akaandika jina hilo nyuma ya risiti.)

Kilichonikera ni ufungaji. Chapa iliyochukua siku kadhaa kutengenezwa ilitiwa kwenye mfuko wa plastiki laini, bila kadibodi ya kuishikilia, na kabla sijafika kwenye gari kona ya chini ilikuwa imepinda. Nilirudi kumwambia, aliomba radhi, akanipa kadi mbili ndogo za bure, lakini kona ni ile ile. Kipande cha kadibodi ni gharama ndogo sana kwa mtu anayeuza kitu cha dola 40.

Nitanunua kwake tena, na chaguo langu litakuwa zile za wino mweusi peke yake. Atakayekwenda mezani kwake abebe folda ngumu kutoka nyumbani, na aombe kuonyeshwa nakala kadhaa kabla ya kulipa, kwa kuwa wino haushiki sawasawa katika zote.