Mafuta ya mise: mazuri kwa nywele, lakini hayazikuzi

Chupa ni ile ile ya maji ya kunywa, nusu lita, na ndani mna mafuta meusi kama kahawa ya kijiweni. Ndivyo mise, yaani mafuta ya kokwa za chikichi, inavyouzwa Kigoma mjini, Ujiji na Mwandiga, na wauzaji wengi wana neno moja: inakuza nywele. Tuseme mapema. Kwa kulainisha nywele na kuzizuia zisikatike, mise ni mafuta ya daraja la juu, na inayashinda mengi yaliyomo kwenye vikopo vyenye picha ya dada mwenye nywele hadi kiunoni. Kwa kukuza, haifanyi kitu.

Unywele hutengenezwa ndani ya kifuko kilichozama kwenye ngozi ya kichwa. Ukishatokeza nje umekwisha kufa, sawa na ukucha, na hapo ndipo mafuta yanapofanyia kazi. Kasi hupangwa kule chini: urithi, umri, homoni, chakula na afya. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2001 katika jarida la British Journal of Dermatology vilionyesha nywele za watu wenye asili ya Afrika zikikua wastani wa maikromita 256 kwa siku, na za Wazungu 396. Kwa mwezi wa siku 30 ni kama milimita 8 kwa 12. Huo ni wastani tu; ndugu wa tumbo moja hutofautiana pia.

Tena kasi si kitu pekee. Kila unywele una muda wake wa kukua, kati ya miaka miwili na saba hivi, kisha hupumzika kama miezi mitatu na kudondoka. Chukua watu wawili ambao nywele zao zinakua sentimita 1 kwa mwezi. Wa kwanza muda wake ni miaka miwili: hazitavuka sentimita 24 hata azipake nini. Wa pili ana miaka sita: anaweza kufika 72, zisipokatika njiani. Na kukatika ndiko kunakotumaliza. Nywele za kipilipili zimejikunja, kila kona ni mahali dhaifu, na mafuta ya asili ya kichwa hayateremki vizuri hadi kwenye ncha. Mtu husema "zangu hazikui" kumbe zinakua kila siku, ila ncha zinakatika kwa kasi ile ile.

Hapo mise inapata kazi yake halali. Karibu nusu ya mafuta yake ni asidi ya lauriki, ile ile iliyojaa kwenye mafuta ya nazi. Molekuli zake ni fupi na nyoofu, zinapenya ndani ya unywele badala ya kubaki juu, na hupunguza protini inayotoka wakati wa kuosha. Mawese hayana sifa hiyo, ingawa yote yanatoka kwenye chikichi moja: mawese hutoka kwenye nyama ya nje, mise kwenye kokwa. Ukipaka mawese kichwani utapata mng'ao na mto wa rangi ya chungwa.

Sasa, kwa nini watu wanaapa kwamba imewakuza? Angalia wanaonunua. Mama aliyejifungua hupukutika nywele kuanzia mwezi wa pili hadi wa nne, kwa sababu homoni zilizozishikilia wakati wa ujauzito zimeshuka. Aliyeugua malaria kali hupukutika miezi miwili au mitatu baada ya homa, wakati homa yenyewe ameshaisahau. Wote wawili hukimbilia mise. Kwa kawaida nywele zao zingerudi zenyewe, na zinaporudi sifa inapewa chupa.

Kupaka. Kabla ya kuosha, chukua vijiko viwili vya chakula, gawa nywele mafungu manne, paka kuanzia katikati kwenda kwenye ncha, funga mfuko wa plastiki kwa saa moja au ulale nayo. Osha kwa shampuu mara mbili, maana mise ni nzito. Nywele zikiwa bado na unyevu, kijiko kimoja cha chai kwenye ncha kinatosha. Rudia kijiko hicho cha chai mara moja tena katikati ya wiki. Kosa la kwanza ni kupaka kwenye nywele kavu kabisa. Mafuta si maji, hayaongezi unyevu, yanaufungia tu uliopo. Kosa la pili ni kumimina kwenye ngozi ya kichwa kila siku. Mwenye mba asifanye hivyo, kwani fangasi wa mba hula mafuta. Na mtoto mwenye mapunye anahitaji dawa ya kumeza kutoka zahanati. Kumpaka mise ni kuyang'arisha mapunye.

Kununua kunahitaji jicho. Nyeusi hutoka kwenye kokwa zilizokaangwa hadi mafuta yakachuruzika. Harufu ya moshi na karanga zilizoungua ni ya kawaida, na itakaa kwenye kilemba chako. Ya mashine, ya manjano hafifu, haina moshi na haichafui mto, na kwa nywele ni sawa kabisa. Tungechagua hiyo. Weusi hauongezi nguvu yoyote, ni masizi na kuungua.

Ikinuka kama sabuni ya kufulia, iache: imeanza kuharibika, mara nyingi kwa sababu ina maji. Kuhakikisha, tia kijiko kimoja kwenye sufuria yenye moto. Ikitatarika, maji yamo. Iliyochanganywa na mafuta ya alizeti hujulikana kwenye friji. Mise safi huganda ikawa ngumu, iliyochanganywa hubaki teketeke. Kuganda asubuhi za baridi za Juni na Julai si kasoro, kwani mise huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 25 hivi. Chovya chupa kwenye maji ya uvuguvugu, usiibandike jikoni.

Ukitaka kuipima mwenyewe, usitumie kioo. Kwa mwenye dawa ya kunyoosha nywele ni rahisi: vuta nywele kwa kitana, pima kwa rula sehemu iliyojikunja kutoka kwenye ngozi hadi zinapoanza kunyooka, leo na baada ya siku 30. Tofauti itakuwa ile ile ukipaka au usipopaka. Kisha hesabu vipande vifupi visivyo na kijidoa cheupe mwishoni vinavyobaki kwenye kitana. Chenye kijidoa kimedondoka kwa zamu yake, na 50 hadi 100 kwa siku si tatizo. Kisicho nacho kimekatika. Hivyo vilivyokatika ndivyo mise inavyovipunguza, na hapo ndipo inapostahili pesa yako.

Ila haitaokoa kingo za paji la uso zilizosukwa kwa kukazwa. Kama usiku wa kwanza wa rasta huwezi kulalia ubavu, fumua. Kifuko kinachovutwa miaka na miaka hugeuka kovu, na juu ya kovu hapaoti kitu.

Kwa matumizi hayo, nusu lita inakwenda kama miezi mitatu. Hamishia kwenye chupa kavu, iweke mbali na dirisha, na usichovye vidole vyenye maji.