Buti za ngozi zisizo na bitana: zilivyohimili Rungwa, baridi ya Julai hadi mvua za Novemba

Julai asubuhi kwenye pori la akiba la Rungwa kuna baridi ya koti na umande unaolowesha suruali mpaka magotini. Oktoba ardhi inaunguza. Novemba zikidondoka mvua za kwanza, mbuga za udongo mweusi zinakuwa ulimbo. Buti hizi nimezivaa misimu miwili katika hali zote hizo, kilomita 12 hadi 20 kwa siku nyuma ya nyayo za nyati.

Ni ngozi ya ng'ombe yenye unene wa milimita 2 na ushee, ndani hamna bitana wala sponji. Urefu ni inchi 6, yaani zinapita kifundo cha mguu kidogo. Soli ni ya mpira, imeshonwa, haikubandikwa kwa gundi peke yake. Jozi ya namba 43 ina uzito wa gramu 1,350. Nililipa Sh 380,000.

Nianze na bitana, maana hapo ndipo wengi wanapopigwa. Muuzaji atakusifia buti zenye bitana ya utando wa kuzuia maji, na hasemi uongo, ila anasahau kukuambia utando huo unataka nini. Utando unapitisha jasho nje pale tu hewa ya ndani ya kiatu inapokuwa na joto na unyevunyevu kuliko ya nje. Kwenye nchi za baridi sawa. Saa saba mchana mwezi wa kumi, nje nako ni tanuri, jasho halina pa kwenda, soksi inalowa kutokea ndani, na mguu uliolowa ndio unaotoa malengelenge. Kisha uvuke kijito: maji yakiingia kwa juu, utando uleule unayafungia. Buti ya aina hiyo yenye sponji inaweza kukaa siku mbili tatu bila kukauka kambini.

Ngozi tupu inalowa, sikatai. Nusu saa kwenye nyasi zenye umande na soksi imeshapata habari. Lakini jua likipanda, kufikia saa nne zimekauka zikiwa mguuni. Zikizama kabisa, namwaga maji, nalegeza kamba hadi chini, nautoa ulimi wa buti nje na kujaza magazeti makavu, nabadilisha magazeti kabla ya kulala. Kesho yake zinavalika. Usizisogeze motoni hata kama kila mtu kambini anafanya hivyo: ngozi iliyolowa ikipata joto la moto inasinyaa na kupasuka pale vidole vinapokunja, na ufa wa hapo hauzibiki.

Soli ndiyo iliyonipa mashaka mwanzoni, meno yake ni mafupi, kama milimita 3. Sasa nayapenda. Meno marefu yanabeba udongo wa mbuga mpaka unatembea na tofali kila mguu, haya yanautema. Na kwenye miombo, majani makavu yakiwa kama chapati iliyokaushwa, soli laini inakuhisisha kijiti kabla hujakivunja. Ubaya wake uko sehemu mbili. Kwenye mwamba uliolowa zinateleza, hapo punguza mwendo. Na miiba ya mgunga inaingia. Haitoboi siku ya kwanza, inaingia nusu, halafu kila hatua inaizamisha kidogo, hadi siku ya tatu ndipo unaruka. Kila jioni pitisha kiganja chini ya soli taratibu, chomoa kwa koleo. Wasoma nyayo wenye katambuga za tairi wanafanya vivyo hivyo, na tairi lao ni nene kuliko soli yangu.

Kuhusu saizi: jaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na soksi zilezile za porini. Kabla ya kufunga kamba, sukuma mguu mbele hadi vidole viguse. Nyuma ya kisigino kidole kimoja cha mkono kiingie bila kubanwa. Ukishafunga, shuka ngazi. Vidole vikigonga mbele dukani, kwenye mteremko kucha zitakuwa nyeusi. Ngozi hii inatanuka kwa upana, kwa urefu haitanuki, kwa hiyo usidanganywe kwamba "itajiachia". Zangu zililainika baada ya kama kilomita 40. Zivae nyumbani na mjini wiki mbili kwanza. Kisigino kikipanda, zungusha kamba mara mbili badala ya moja pale mguu unapokunja, kisha endelea juu. Fundo hilo linazuia sehemu ya chini isilegee.

Rangi ya kahawia inatosha. Ila angalia soksi: mbung'o wanavutwa na bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Soksi ya bluu ikichungulia juu ya buti, umejitafutia. Upupu na mbegu za kishona nguo zinaingia kwa juu pia, kwa hiyo navaa gaita fupi za turubai, yaani vifuniko vinavyoziba mdomo wa buti.

Kwa Moyowosi, kwenye kinamasi na matete wanakoishi nzohe, wale swala wa majini, nisingezipeleka kwa kutegemea zikae kavu. Kule maji yanapita goti, buti yoyote itajaa. Cha muhimu ni itoe maji upesi. Na kuhusu nyoka, ngozi ya inchi 6 inasaidia kifutu akigonga chini ya kifundo. Juu ya hapo ni suruali tu.

Kilichoharibika: mshono wa pua, buti zote mbili, mwisho wa msimu wa kwanza. Ule mwendo wa mwisho kumkaribia nyati unapiga magoti na kutambaa, pua ya buti inaburuzwa kwenye changarawe, na kwa kuwa ngozi imekunjwa nje na kushonewa juu ya soli, uzi uko wazi kabisa. Majivu ya nyika zilizochomwa yanaongeza madhara, yanakausha ngozi. Nafuta kwa kitambaa chenye unyevu kila jioni, na mara moja kwa wiki napaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta kidogo, nakandamiza zaidi kwenye mshono. Nta ikizidi, ngozi haipumui tena.

Ukipeleka kwa fundi, mwambie apitishe msharasi kwenye matundu yaleyale ya zamani, kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta. Fundi wangu wa kwanza alitoboa mapya katikati ya yale ya mwanzo, na ngozi ikachanika kwa mstari kama tiketi ya basi.