Dar mpaka Moshi kwa treni: Desemba ambayo mume wangu hakushika usukani

Kwa miaka tisa ya ndoa yetu, kwenda Marangu, Kilimanjaro, Desemba kulikuwa na utaratibu mmoja. Mume wangu anaamka saa nane usiku, anakagua mafuta na tairi, na mimi nakaa kiti cha mbele na chupa ya chai, kazi yangu ni kumwongelesha asisinzie. Chalinze, lile daraja jembamba la Wami (la sasa lilikuwa halijafunguliwa), Segera, Korogwe, Same, Himo. Zaidi ya kilomita mia tano za malori, vibao vya hamsini na askari wa tochi.

Desemba 2018, maeneo ya Kabuku, niligeuka nyuma kumpa mtoto maji. Dakika mbili tu. Tairi za kushoto zikaacha lami, nikasikia changarawe zinapiga chini ya gari. Alilirudisha barabarani, hakuna aliyeumia. Lakini tulisimama pale pembeni karibu nusu saa, watu wazima wawili hatusemeshani, watoto nao wametulia kama wanajua. Nikaapa sitaki tena safari ya namna ile.

Kwa hiyo Desemba 2020 tulikwenda kwa treni, na naandika haya kwa ajili ya familia zinazojiuliza kama inafaa kwa kwenda likizo Kilimanjaro. Kwetu ilifaa kuliko nilivyotarajia.

Aliyeleta wazo ni mama mkwe wangu. Yeye ni mzaliwa wa Marangu na ujana wake wote alishuka Dar kwa treni hiyo hiyo, mpaka abiria walipoacha kubebwa. Ilikaa zaidi ya miaka ishirini bila kubeba mtu. Iliporudi Desemba 2019, kwanza mpaka Moshi kisha 2020 ikafika Arusha, Mama alikuwa anaifuatilia redioni kama mtu anayefuatilia habari za ndugu aliyepotea. Magoti yanamsumbua. Kukaa kwenye kiti cha gari kutwa nzima kulikuwa kunamgharimu siku mbili za kulala akifika.

Tulikata daraja la pili la kulala. Chumba kina vitanda sita, vitatu kila upande, na sisi tulikuwa sita: mimi, baba watoto, Mama na watoto watatu. Hili ni jambo la kuzingatia sana, maana mkijaza chumba mnakuwa wenyewe na mlango wenu. Mkiwa pungufu, wanaume na wanawake hutengwa. Kulikuwa pia na daraja la pili la kukaa, na daraja la tatu ambalo huduma ilipoanza nauli yake mpaka Moshi ilitangazwa kuwa shilingi 16,500. Kijana mwenye begi moja analimudu vizuri. Mtu mwenye mama mzee asijaribu, aongeze hela apate kitanda.

Tuliondoka stesheni ya Kamata, Dar, alasiri. Mchele, sukari, vitenge vya mawifi na keki ya Krismasi ya bibi mkubwa, vyote vikaingia chini ya vitanda. Pugu tuliipita jua bado kali. Ruvu ndipo treni inapoiacha reli ya kati na kushika njia ya kaskazini, na hapo mume wangu, ambaye kwenye gari huwa hana maneno, akaanza kuwasimulia watoto: kwamba Wajerumani walianza kuijenga reli ya Tanga mwaka 1893 na wakafika Moshi 1911, na kwamba hiki kipande cha kutoka Ruvu kwenda Mruazi, kinapokutana na reli ya Tanga, kilikuja baadaye sana, miaka ya sitini, ndipo Dar na Moshi zikaunganishwa kwa reli. Sikujua kwamba anayajua hayo. Barabarani macho yake yako kwenye lori la mbele, atasimulia saa ngapi?

Mwendo ni wa taratibu, niseme wazi. Reli ni ile nyembamba ya mita moja, njia ni moja, na treni mbili zikikutana lazima moja isubiri kwenye njia ya kupishana. Basi la asubuhi linakufikisha Moshi siku hiyo hiyo kabla giza halijaingia, treni inakula usiku mzima. Mwenye likizo ya siku tatu apande basi. Sisi tulikuwa na wiki mbili, na usiku mmoja wa kulala haukutupunguzia kitu.

Usiku wa manane tulisimama Korogwe. Niliamshwa na ukimya, magurudumu yamenyamaza, halafu sauti za wanawake chini ya dirisha: "Maembe, mayai, chai ya moto!" Mama alikuwa ameshakaa kitako, kitenge begani, ametoa mkono nje ya dirisha na noti ya elfu mbili. Muuzaji, msichana mwenye tochi ameibana kwapani, alimpa mayai manne na chumvi kwenye kipande cha gazeti kilichosokotwa. "Shikamoo bibi, chumvi hiyo." Mama akamwitikia marahaba, akamuuliza wanaondoka stesheni saa ngapi, anarudi nyumbani na nani. Waliongea mpaka treni ikaanza kusogea na msichana akawa anatembea sambamba na dirisha akimalizia kujibu. Tukala mayai gizani. Baba watoto hakuamka. Alikuwa amelala kitanda cha juu, mdomo wazi, mkono unaning'inia, na katika miaka tisa sikuwahi kumwona amelala kwenye safari hii. Nilimtazama muda mrefu.

Kulipambazuka tumeshaipita Same. Milima ya Pare iko kulia, na kwa kuwa jua linatokea nyuma yake, huku bondeni kwenye reli kulikuwa bado na kivuli cha buluu, baridi, mashamba ya mkonge hayajapata rangi. Nikatoka kwenye ujia wa behewa kunyoosha mgongo. Mbele kule, juu ya giza lote lile, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa tayari ina mwanga. Kileleni tu. Theluji ilianza na rangi ya chungwa lililoiva, ikafifia kuwa ya maziwa, na mstari wa mwanga ukawa unateremka mlimani pole pole wakati sisi chini bado tuko kwenye alfajiri. Niliwaamsha watoto wote. Mama alikuja ameshikilia ukuta, akasimama dirishani, akasema, "Yule pale," kisha hakusema kingine mpaka stesheni ya Kahe.

Na huo mlima mnaupata asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika. Kwa gari sisi tulikuwa tunafika Himo mchana, tunakuta pamba tupu, watoto wanauliza mlima uko wapi.

Moshi stesheni iko hapo hapo mjini. Bajaji mpaka stendi, kisha Noah ya Marangu kupitia Himo, na tulipofika Marangu Mtoni shemeji alikuwa anatusubiri na bodaboda mbili za mizigo. Mama alipanda kwenda kihambani, kwenye shamba la ukoo, kwa miguu yake mwenyewe, mchana akawa jikoni anasimamia mtori.

Mapungufu yapo. Treni ilikuwa haitoki kila siku, hivyo likizo tuliipanga kuifuata. Kijijini bila gari utategemea Noah na bodaboda, na kwenye misa ya Krismasi bodaboda hazitoshi, tulitembea. Sisi tulikwenda Kinukamori kwa miguu pia, kwenye vijia kati ya migomba na mifereji, na watoto wakaona maporomoko na mashamba ya kahawa ambayo miaka yote tuliyapita na vioo vimefungwa. Kwa anayetaka Lushoto sishauri treni hii, kwa sababu Mombo, pa kushukia mtu wa Lushoto, ilipitwa usiku na kupanda mlima ule gizani na watoto ni shida.

Mwenye kwenda akate tiketi mapema, Desemba Wachagga wote tunarudi kuhesabiwa kama wanavyotutania. Abebe sweta na shuka, bondeni Pare asubuhi kuna baridi. Abebe chenji ndogo za stesheni. Na alfajiri, kuanzia Same, asibaki kitandani: asimame dirisha la kulia, atazame mbele treni inakoelekea.